Shairi la Kichina Lililoharibikia Mdomoni Mwangu

Mjukuu wangu amekuja likizo. Anasoma chuo huko Dodoma, na juu ya masomo yake ameamua kujifunza Kichina, kwa sababu, anasema, kazi ziko huko. Asubuhi ananichemshia chai, kisha anakaa barazani na simu yake. Simu inasema, yeye anaitika. Wiki iliyopita nilikuwa karibu naye nachagua mchele, simu ikatoa mistari minne mifupi kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka, naye akairudia. Nikajisikia nimesema, wala sikukusudia: "Wa tatu umeachwa wazi. Vina viko kwenye wa kwanza, wa pili na wa nne."

Alinitolea macho. "Bibi, umejuaje? Sisi tumefundishwa hilo juzi juzi tu!"

Nikamwambia mchele huu una mawe, nikabeba ungo wangu nikaingia ndani. Nilisimama jikoni uso umenipata moto, mtu mzima na mvi zangu, mwalimu mstaafu, nimejificha mtoto asinione. Yeye sikuweza kumweleza. Wewe msomaji hunijui, kwa hiyo nitakueleza.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami niko darasa la tano. Tulikaa Chuno, mtaa wa Mtwara, wakati huo mikorosho ikiwa mingi kuliko nyumba. Msimu wa mabibo ukifika, mtaa mzima ulinuka utamu uliochachuka, na nguo zetu zote zilikuwa na madoa yale ambayo sabuni haiyatoi hata ukifua mpaka kesho. Vita ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, watu walivuka na mafurushi yao, lakini mtoto huona vyake. Mimi niliona shule, ndoo ya maji, mihogo ya kumenya, na Bibi.

Bibi mzaa mama alizaliwa pwani, kwa wale wa zamani waliokuwa wakisema Kimgao, Kiswahili cha kale cha pwani ile, akaolewa bara upande wa Nanyamba kwa Wamakonde, akafiwa na mume, akarudi mjini kukaa na binti yake. Kichwani alikuwa na lugha zaidi ya moja na kwa zote alitunga. Alikuwa mtunzi. Hakuwa na daftari wala kalamu, kusoma kwake kulikuwa kule kwa chuo cha Kurani, kwa juzuu. Beti zake zilikaa kichwani, na zilisafiri kwa mdomo wangu.

Hapo inabidi nikueleze vizuri. Bibi alikuwa na shoga yake akikaa Magomeni ya hapo hapo Mtwara, mtunzi kama yeye, nao walikuwa hawaachi kutumiana beti. Aliyetumiwa beti lazima aijibu, na aijibu kwa vina vile vile alivyoletewa. Ukijibu kwa vina vingine ni kama umekaribishwa chakula ukatoa chako mfukoni. Tena jibu halitolewi hivi hivi. Kwanza unaighani beti ya mwenzio, neno kwa neno, ili ajue mzigo wake umefika mzima, ndipo unatoa ya kwako. Na kama hukuielewa vizuri, huendi kumuuliza mtumaji airudie. Kumuuliza ni kusema aliyeibeba ni mwongo.

Mbebaji nilikuwa mimi. Bibi alinikalisha mkekani, akanisomea mara tatu, nikamrudishia mara tatu, kisha akaniambia, "Haya, mke mwenzangu, funga mdomo, usiifungue beti yangu njiani." Nilitembea toka Chuno hadi Magomeni bila kumwamkia mtu, na watu wazima walikuwa hawakasiriki, walijua mtoto ana mzigo. Shoga yake alinipa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vyenye nyuzinyuzi, nikarudi natafuna huku jibu liko kichwani. Bibi alikuwa akijisifia kwa majirani: "Mdomo wa huyu hauvuji." Sikuwa mzuri wa sura, hesabu zilinishinda, lakini hilo nilikuwa nalo.

Shuleni mdomo huo huo ulikuwa aibu yangu. Darasa letu lilichanganya sisi wenyeji na watoto wa makarani, mapolisi na wafanyakazi wa bandari waliotoka mikoa ya mbali. Wao Kiswahili chao kilikuwa kimenyooka kama cha redioni. Sisi wa nyumbani kwenye Kimakonde r na l hatukuzipa kazi tofauti. Siku moja niliposimama kusoma nikasema Luvuma. Mwalimu akanisahihisha, nikasema Luvuma tena, mara ya tatu tena Luvuma, na darasa likavunjika mbavu. Tangu siku hiyo jina langu likawa Luvuma. Aliyelianzisha alikuwa binti wa karani wa bandari, mrefu, mwenye viatu, na mwenye kamba ya kuruka ya kweli, nene, iliyotoka melini. Sisi wengine tulirukia kamba za minazi zinazochoma. Nilimchukia binti yule, na nilitamani mno aniite nikaruke kamba yake.

Ndipo goti la Bibi likakataa. Lilivimba, akawa anasali amekaa, na kutoka chumbani mpaka uani ilikuwa safari. Hospitalini walikuwa wamekuja madaktari kutoka China, na habari za sindano zao zilikuwa zimeenea mji mzima, zile nyembamba kama unywele ambazo hazina dawa ndani. Mama alimpeleka siku ya kwanza, siku zilizofuata nikampeleka mimi, mkono wake begani kwangu.

Daktari aliyempata alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, amevaa viatu vyeusi vya kitambaa. Alikuwa na chupa ya maji ya moto asiyoachana nayo, na alikunywa maji yale matupu, jua lote lile la Mtwara. Kiswahili alikuwa anajifunza. Alimchoma Bibi sindano sita kuzunguka goti, akawa anazizungusha moja moja polepole kwa vidole viwili, na huku anazungusha anasema kitu chini ya pumzi, kwa kipimo, kama mtu anayejikumbusha. Bibi alikuwa amefumba macho kwa woga. Mara akayafumbua.

"Mwanangu," akasema, "rudia hiyo."

Daktari alidhani anaumia, akatoa mkono. "Maumivu, Mama?"

"Hakuna maumivu. Hayo maneno. Sema tena."

Akasema tena. Bibi akahesabu kwa vidole juu ya kanga yake. Kila mstari una maneno matano, na kila neno ni pumzi moja tu, halina mkia. Yanakwenda mawili, yanapumua kidogo, kisha matatu. Mistari minne. Wa kwanza na wa pili na wa nne inaishia mahali pamoja. "We mtoto," akaniambia, "hawa watu wana vina!" Alisema kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu stendi ya basi ugenini.

Kilichomkera kilikuwa mstari wa tatu. Kwetu beti hufunga mistari mitatu ya kwanza kwa kina kimoja, kisha wa nne ndio unaachwa. Hawa wanaacha wa tatu halafu wanarudi. Akamwonyesha daktari vidole vinne, akakunja cha tatu, akauliza kwa uso. Daktari alielewa pale pale. Nilimwona akivuta kigoda akakaa karibu, sindano bado zimo kwenye goti, wagonjwa wengine wamejaa kwenye benchi nje. Akaeleza kwa mkono zaidi kuliko kwa mdomo. Sauti yao ina njia nne: kuna inayolala, na hapo kiganja chake kililala hewani, kuna inayopanda, kuna inayozama kidogo ikainuka, kuna inayoanguka. Neno la mwisho kwenye vina lazima liwe la kutulia, lisianguke. La mstari wa tatu lazima liwe la kuzama au kuanguka, ili masikio yapate njaa, ndipo wa nne uje kuyashibisha.

Mtu mwingine angeyaona hayo mageni. Bibi alikuwa amekaa kwa Wamakonde, na Kimakonde nacho kinajali sauti inapanda au inashuka, ukikosea umesema neno lingine. Akatikisa kichwa. "Ndivyo, ndivyo. Kumbe wanapumzikia wa tatu." Na daktari, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha fungua mdomo na toa ulimi, akacheka mpaka akafuta miwani.

Tangu siku hiyo matibabu ya goti yalikuwa marefu. Bibi alimfundisha mizani, yeye alimfundisha sauti. Alipenda sana neno polepole. Alisema kwao nako wanalirudia neno hilo mara mbili, man man, na Bibi aliona hilo ni dalili ya watu wenye adabu. Daktari naye alisema Luvuma, kwa kuwa r ilimshinda. Nilimsikia na masikio yangu. Yeye na sisi tulikuwa na ulimi mmoja, lakini mimi badala ya kumpenda kwa ajili hiyo, niliona aibu.

Goti lilipoanza kukunjika, Bibi alimtungia. Hiyo aliighani mwenyewe, palepale kitandani, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi:

Tabibu nakushukuru,
goti limekuwa huru,
njia naiona nuru,
natembea polepole.

Daktari aliomba airudie mara tatu, akaiandika kwa maandishi yao kwa kufuata sauti. Kisha akasema atajibu. Bibi hakulala vizuri kwa furaha. Mtu wa nchi ya mbali kiasi kile, na desturi anaijua! Daktari alikuwa akisema kwao pia wanajibizana kwa vina vilivyoletwa, na kwa hiyo Bibi akamwambia: "Ukinitumia, nitakujibu kwa vina vyako, si vyangu. Usiondoke kabla sijakujibu." Maana tulikwishasikia kwamba muda wao umekwisha, wanarudi kwao, na Jumamosi ile kuna hafla ya kuwaaga.

Siku ya Jumatano Bibi alikamatwa na homa. Nikaenda peke yangu baada ya shule kumwambia daktari hawezi kuja. Akasema shairi liko tayari. Akaniuliza kama ninaweza kulibeba. Nikamwambia mimi ndiye mbebaji, na nilisema kwa maringo. Basi akanikalisha kwenye kitanda kile kile cha Bibi na kunifundisha, neno kwa neno, kiganja chake kikilala, kikipanda, kikizama. Nilipokosea alianza upya bila kukunja uso. Alinieleza maana kwa Kiswahili chake: mlima wa kwao uko mbali, mgonjwa anatembea, na tabibu anarudi nyumbani, mto unakutana na bahari, na mwisho, amani. Maneno ya mwisho yalikuwa shan, huan, hai, an. Shan ni mlima. Huan ni kurudi. Hai ni bahari, na hapo mkono wake ulizama. An ni amani, na kiganja kikalala. Tulikaa pengine saa nzima. Nilipoondoka lilikuwa limekaa mdomoni mwangu sawasawa, sauti zote ishirini, na alinisindikiza mpaka mlangoni.

Njia yangu ya kawaida haikupita kwenye nyumba za bandari. Naomba ulijue hilo. Nilizunguka kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa saa ya kuruka kamba.

Walikuwa sita au saba. Binti wa karani aliniona midomo inacheza, maana nilikuwa nalirudia nisilisahau. "We Luvuma, unaongea na mashetani?" Wenzake wakacheka. Ningeweza kuendelea na safari. Mtoto mwenye mzigo haongei, hata wao walikuwa wamezoea kuniona hivyo. Lakini nikasimama nikasema, "Najua Kichina."

"Hebu sema."

Nikasema, vizuri, kama nilivyofundishwa. Walitazamana tu, halikuwachekesha. Nikaona wanarudi kwenye kamba yao. Ndipo nikavuta macho kwa vidole, nikatoa meno, nikalisema upya kwa puani, na pale nilipotakiwa kutuliza sauti nikaigonga. Wakaanguka chini kwa kicheko. Binti wa karani alinishika bega. "Tena!" Nikasema tena, nikaongeza. Mwishoni mwa kila mstari niliweka ong', ong', kwa sababu ong' ndiyo iliyowachekesha zaidi. Siandiki hapa niliyoyasema. Kila aliyewahi kumdhihaki Mchina barabarani anayajua.

Halafu akanipa kamba. Hicho ndicho nilicholipwa. Niliruka kamba ya melini, wao wakinizungushia na kuimba ule upuuzi wangu kuwa wimbo, unakwenda vizuri na kamba, mbili halafu tatu, kwa sababu kipimo cha daktari kilikuwa bado kimo ndani. Niliruka mpaka jua likaanza kupungua ukali. Hakuna aliyeniita Luvuma. Nilikuwa na furaha, rafiki yangu, nisikudanganye, nilikuwa na furaha kubwa kabisa.

Nilipofika karibu na nyumbani nikalitafuta shairi, halikuwepo. Nilikuwa nimebaki na mikia yake minne, na hata hiyo sikujua tena inashikana na nini. Kila nilipofungua mdomo ulitoka ule wimbo wa kamba.

Bibi alikuwa ameoga licha ya homa, amevaa kanga safi, ametandika mkeka. "Umeleta?"

Ningemwambia, "Limeniponyoka, Bibi, nitarudi kesho kwa daktari." Kulikuwa na Alhamisi, kulikuwa na Ijumaa. Daktari angenifundisha tena, nina hakika hiyo kama ninavyojua jina langu. Lakini angeniuliza limekwendaje, na Bibi angejua kuwa mdomo umevuja. Basi nikakaa mkekani nikamsomea ule wa kamba, taratibu, kwa heshima zote, mara tatu.

Alisikiliza ameinamisha kichwa. "Mbona vina vinagonga hivi?" akauliza. "Na wa tatu amekwenda kuufunga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuuacha." Nikakunja pembe ya mkeka. "Pengine mashairi ya kuagana kwao ndivyo yalivyo," akasema, na akaanza kujifunza. Alirudia upuuzi ule kwa bidii, mzee wa watu mwenye homa, akinisahihisha mimi pale nilipoubadilisha.

Siku mbili alihangaika na vina vile. Namsikia hata leo akipepeta mihogo mikavu na kunong'ona: mlango, mgongo, ungo, uongo. Aliposema uongo niliangusha kikombe. Yeye akaendelea, "Hilo sitalitia, mtu haagwi kwa uongo." Wakati wote huo mimi nilijua daktari alimletea an, na kwamba kwa an Bibi angekuwa na pwani, na nyumbani, na shukrani, na amani yenyewe, maneno yote aliyokuwa nayo mengi na matamu kuliko mengine. Nilikuwa nimemnyima hayo, nikamwachia migongo na milango.

Jumamosi uwanja wa hospitali ulifungwa turubai. Walikuwepo wakubwa, wauguzi, wagonjwa waliopona, na shule yetu tulipangwa mstari kuimba. Mimi nilisimama kati ya wenzangu wa kamba. Baada ya hotuba wakauliza kama kuna mgonjwa mwenye neno, na Bibi akainuka. Alikuwa amevaa doti mpya, kichwani ana ungo wa korosho alizobangua mwenyewe, na alitembea mpaka mbele bila mkongojo na bila kushikwa. Watu walipiga makofi kwa goti lile. Daktari alisimama kumpokea, uso umefunguka wote.

Bibi akaweka ungo chini, akanyoosha shingo, na kama desturi ilivyotaka, akaanza kwa kuighani beti iliyotumwa.

Akaughani ule wangu. Kwa sauti yake ya mashairi, macho amefumba, kwa utulivu, mbele ya mji. Ong', ong', ong'.

Wenzangu hawakuweza kuvumilia, huo ulikuwa wimbo wao wa kamba. Walianza kwa kuziba midomo, kisha wakapasuka. Watu wazima wakadhani Bibi ametoa kichekesho, nao wakacheka. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Bibi kiboko!" Wale Wachina wengine waliokaa mstari wa mbele waliangalia chini kwenye viatu vyao. Na daktari, tabasamu lake lilibaki pale lilipokuwa, lakini macho yake yaliondoka kwa Bibi, yakaja kwenye mstari wetu, yakapita mtoto mmoja mmoja, mpaka yakanifikia.

Hakukunja uso. Heri angekunja. Aliniangalia kama anavyomwangalia mgonjwa.

Bibi alifumbua macho, akatazama huku na huku, hajui kilichotokea. Lakini mtunzi haishii njiani. Akangoja kicheko kipungue, akatoa ya kwake:

Nimeunyosha mgongo,
nimefungua mlango,
nakupa korosho ungo,
kamsalimu mamayo.

Sidhani kama kuna mtu aliyeisikia ile beti zaidi ya watu watatu. Daktari aliinama sana, akaupokea ungo kwa mikono miwili. "Asante, Bibi," akasema kwa sauti ya kusikika. "Imefika salama." Kisha sisi tukaamriwa kuimba, nami niliimba.

Njiani, tulipoingia kwenye mikorosho, Bibi akaniuliza: "Mke mwenzangu, walicheka nini?"

"Wamezoea kucheka Kichina, Bibi."

"Daktari hakucheka." Akatembea kidogo. "Ndivyo alivyonitumia? Vile vile?"

Hapo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho ya kusema kweli, na nilijua ni ya mwisho. Tulikuwa wawili tu. Asingenipiga, hakuwahi kunipiga.

"Vile vile, Bibi."

Alinitazama. Sikio lake lilikuwa limewahi kuhesabu vina vya lugha asiyoijua huku goti limechomwa sindano sita. Lingeshindwaje na mimi? Akasema, "Haya," akarekebisha kanga yake, tukaenda nyumbani.

Hakumwambia Mama. Hakuninunia, hakupunguza mapenzi hata kidogo. Aliendelea kuniwekea ukoko wa wali na kuniita mke mwenza. Baada ya siku kadhaa nilimsikia anatunga, nikajua ni zamu ya shoga yake. Nikakaa mkekani kama kawaida, nimefunga miguu, nangoja. Akavaa kanga yake ya kutokea na kushika mkongojo.

"Bibi, nipe nipeleke."

"Wewe kachote maji," akasema, kwa upole kabisa.

Akaenda mwenyewe mpaka Magomeni kwa goti lile, na midomo yake ilikuwa inacheza. Ikawa hivyo siku zote. Chumvi alinituma, mafuta ya taa alinituma, hata fedha za kitoweo alinipa mkononi bila kuzihesabu. Beti hakunipa tena. Mwaka uliofuata shoga yake alifariki, na Bibi akawa anatunga na kunyamaza nazo. Alipofariki yeye nilikuwa mbali nasomea ualimu, na hatukuwa tumelizungumza jambo lile hata siku moja.

Siku hizi vijana wa vyuo hunijia na vifaa vya kurekodia. Wamesikia Bibi alikuwa mtunzi, wanatafuta mabaki ya Kimgao, wanataka beti zake. Ninawapa zile mbili za daktari, na nyingine chache za utotoni zilizokatikakatika. Wananiuliza, zote zile zilikwenda wapi, miaka yote aliyoishi baada ya hapo? Nawaambia uzee, kumbukumbu, wanangu mnisamehe. Nao wanasema hakuna shida, Bibi. Ukweli ni kwamba zilipaswa kupita mdomoni mwangu, na hazikupita.

Shairi la daktari nalo nimelitafuta. Nimejaribu usiku, nimejaribu mchana, nikiweka kiganja hewani kama yeye. Napata shan, huan, hai, an, na kabla yake hamna kitu. Ule wa kamba ninao. Sijausema mbele ya mtu tangu nilipokuwa mtoto, lakini ninao mistari yote minne, na hakuna sauti hata moja iliyopotea.